Oili ya gia imegeuka nyeupe: ni washa au ni sili?

Swali limetoka kwa mvuvi wa Kilindoni, Mafia. Anasema: "Fundi, salaam. Nina mashine ya boti ya Yamaha, Enduro ya 40, niliinunua ikiwa imeshatumika lakini inavuta vizuri. Mwezi uliopita nilimwaga oili ya gia mwenyewe kwa mara ya kwanza. Ile ya zamani ilitoka nyeusi tupu, haina maji. Nikajaza mpya, nikarudishia skrubu zote mbili na washa zilezile, vile vipete vya chini ya vichwa vyake. Baada ya wiki mbili nimelegeza skrubu ya chini niangalie, oili imekuwa kama chai ya maziwa. Fundi wa hapa ameniambia sili zote zimekufa, mguu ufumuliwe. Mwenzangu wa chombo cha jirani ananiambia nizungushie ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, mambo yaishe. Nimsikilize nani?"

Wa alaikum salaam, nahodha. Kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao. Jibu liko kwenye maelezo yako mwenyewe, na limo katika sentensi ile uliyoipita haraka: oili ya zamani ilitoka nyeusi, haina maji. Maana yake ni kwamba sili za mguu wako, yaani pete za mpira zinazoziba penye shafti kwenye sehemu ya chini ya mashine yenye gia na propela, zilikuwa zinazuia bahari mpaka siku ile uliposhika bisibisi. Sili huchakaa polepole, hazifi zote kwa pamoja kwa sababu mtu amebadilisha oili. Kitu kilichobadilika siku ile ni skrubu mbili ulizozifungua na washa mbili ulizozirudishia. Ukitafuta maji yalikopita, anzia pale mkono ulipogusa mwisho.

Sisemi kwamba haiwezekani kabisa kuwa ni sili. Ndani ya wiki mbili mshipi unaweza kujisokota kwenye shafti ya propela ukakata sili, na nitalieleza hilo huko mbele. Lakini kufumua mguu mzima kabla ya kukagua vitu viwili vya bei ndogo ni kuanzia kazi mwisho. Na tangu leo usiipeleke tena mashine baharini ikiwa na oili hiyo. Maji ya chumvi yakilala kwenye beringi na gia yanaanza kutu mara moja, na kutu kwenye beringi haina dawa, ni kununua nyingine.

Sasa tuelewane namna mguu unavyozibwa. Zile skrubu mbili, ya chini ya kumwagia na ya juu ya kupimia, hazizibi kwa meno yake. Meno kazi yake ni kukaza tu. Anayeziba ni washa iliyo chini ya kichwa cha skrubu, na imetengenezwa laini kwa makusudi. Ukikaza, inabanwa kati ya kichwa na kikalio chake kwenye aluminiamu, inajaza mikwaruzo midogo na kupata umbo la mahali pale. Ukiifungua umbo hilo linabaki nalo. Itoe uiangalie juani: utaona duara limezama katikati, na kingo zimesimama ngumu. Ukiirudisha, lile duara halikai tena palepale lilipokuwa, washa imeshaisha ulaini, na hapo unabaki na njia nyembamba ambayo macho hayaioni lakini maji yanaijua. Ndiyo maana vitabu vya ufundi vya mashine hizi vinataka washa mpya kila skrubu inapofunguliwa, hata kama ya zamani inaonekana nzima.

Utaniuliza: kama kuna njia, mbona oili haidondoki chombo kikiwa ufukweni? Oili ya gia ni nzito, haipiti kirahisi kwenye upenyo mdogo kiasi hicho. Maji ni mepesi, na yana msaada. Unapokimbiza mashine kwenda kwenye nyavu, gia na oili vinapata joto, na hewa kidogo iliyobaki ndani inatanuka. Ukifika unazima. Mguu uko ndani ya maji, unapoa haraka, na kile kilichotanuka kinasinyaa. Ndani kunabaki mvuto, na mvuto huo unanyonya kilicho karibu, yaani bahari. Ukizima kila unapofika kwenye nyavu kisha ukawasha kuhamia nyingine, umeupa mguu nafasi nyingi za kunyonya kwa siku moja. Matone machache kila mara, na wiki mbili zinatosha kabisa kuigeuza oili rangi. Skrubu zote mbili zinakuwa chini ya maji mashine ikishushwa, kwa hiyo usidhani ya juu haina hatia.

Basi fanya hivi. Kwanza iache mashine imesimama wima usiku kucha bila kuwashwa. Asubuhi weka chombo safi chini, safisha mchanga na magamba kuzunguka skrubu zote mbili, kisha legeza ya chini polepole bila kuitoa. Yakitangulia maji matupu ndipo oili ifuate, maji yaliyoingia ni mengi. Ikitoka chai ya maziwa tangu tone la kwanza, maji yamekorogeka na oili, jambo la kawaida kwa mashine iliyokuwa inafanya kazi. Baada ya hapo fungua ya juu na mwaga yote.

Angalia ncha ya skrubu ya chini, kwa kawaida ina sumaku. Ukikuta uji mwembamba wa kijivu kama grisi, hiyo ni chuma ya kusagika kwa kawaida, futa uendelee. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, vyenye kona, hiyo ni habari nyingine kabisa: jino la gia au beringi limeanza kuvunjika, na hapo fundi wako atakuwa na haki ya kufungua, ingawa si kwa sababu aliyoitaja.

Sasa ingia na tochi ya simu kwenye tundu lenyewe. Hapa ndipo watu wengi wanaponaswa. Washa ya zamani mara nyingi haitoki na skrubu, inabaki imeganda kwenye kikalio, na kwa kuwa imepauka na kuchafuka inafanana na aluminiamu yenyewe. Mtu anaweka washa nyingine juu yake bila kujua, zinakuwa mbili, na mbili haziwezi kuziba. Pitisha kijiti cha mti kilichochongwa kwenye ukingo wa tundu. Kikikwama kwenye kitu laini, hiyo ni washa. Ing'oe kwa kijiti hichohicho. Usitumie msumari wala ncha ya bisibisi, kwa sababu mkwaruzo mmoja unaokata kikalio kutoka ndani kwenda nje ni mfereji wa maji ambao hata washa mpya itahangaika nao. Tafuta pia ungaunga mweupe wa chumvi iliyokula aluminiamu, na punje za mchanga. Kwa chombo kinachopwelewa kwenye mchanga kila maji yakitoka, punje moja iliyobanwa chini ya washa ni jambo la kawaida sana. Futa kikalio kwa kitambaa kikavu mpaka king'ae.

Kuhusu tepu ya jirani yako: tepu ile inaziba meno, na nimeshakwambia meno siyo yanayoziba hapa. Zaidi ya hayo, ukikaza, vinyuzi vyake vinakatika na kuingia ndani, vinazunguka na oili mpaka kwenye beringi. Silikoni ni hivyohivyo, kile kinachofurika kwa ndani ukikaza kinaning'inia, kisha kinabanduka. Nimeona pia washa zilizokatwa kwenye chubu ya baiskeli na hata kwenye ndala. Siku ya kwanza zinaziba vizuri kabisa, ndiyo maana watu wanaziamini. Lakini mpira huo hauelewani na oili. Unavimba, unalainika, unaanza kuchomoza pembeni ya kichwa cha skrubu, na skrubu yenyewe inalegea bila mtu kuigusa. Kuna wanaochukua washa za shaba za pampu ya dizeli wakidhani chuma ni imara zaidi. Shaba na aluminiamu zikikaa pamoja kwenye maji ya chumvi, inayoliwa ni aluminiamu, yaani mguu wako, na kikalio kikishaliwa umehama kutoka tatizo la washa kwenda tatizo la mguu. Nunua washa zenyewe, na ununue nyingi, kwa sababu kazi hii itakudai zaidi ya jozi moja.

Unapokwenda dukani usiseme "Enduro ya 40" ukaishia hapo. Ziko E40G, E40J na E40X, na vipuri vyake havilingani vyote. Piga picha ya kibati chenye namba kwenye mabano ya kufungia mashine, muuzaji atafute kwa namba hiyo. Ukiambiwa "hii inaingia zote", ilinganishe na ya zamani kwa tundu la ndani, upana na unene.

Kabla hujajaza oili, pima. Hii ndiyo hatua itakayomaliza ubishi kati yako na fundi wako, na haihitaji karakana. Mguu ukiwa mtupu na skrubu ya chini imefungwa kwa washa mpya, kwenye tundu la juu funga kiunganishi chenye meno yanayolingana, ambacho kwa upande wa pili kinapokea mpira wa pampu ya baiskeli yenye geji. Kiunganishi hicho fundi yeyote wa mashine za kukereza anaweza kukuchongea kutoka kwenye skrubu ya zamani iliyotobolewa katikati. Pampu taratibu mpaka psi 10, kipimo cha mgandamizo wa hewa kinachoonekana kwenye geji. Usivuke 15, maana ukizidisha unaweza kusukuma sili nzima ikatoka mahali pake, ukatengeneza tatizo ulilokuwa unalitafuta. Acha dakika kadhaa huku unatazama sindano ya geji. Izungushe propela kwa mkono upande wake wa kawaida, usiirudishe kinyume ikiwa gia imeshika, kwa sababu mabawa ya impela, lile gurudumu la mpira la pampu ya maji, yamelala upande mmoja na hayapendi kugeuzwa. Ivute na kuisukuma shafti ya propela. Ingiza na kutoa gia. Kuna sili inayoshika ikiwa imetulia na kuvujisha inapoguswa.

Sindano ikisimama palepale, sili zako ni nzima na mkosaji ni washa. Ikishuka, paka povu la sabuni au zamisha mguu kwenye pipa la maji, utafute mapovu. Yakitoka kwenye skrubu ya chini, rudi kwenye kikalio. Yakitoka katikati, pale shafti inapochomoza nyuma ya propela, ni sili za propela. Yakitoka kwenye duara la nje zaidi, pale kile kibebeo cha beringi kinapokaa ndani ya mguu, ni oringi yake, ile pete ya mpira ya kuzibia. Usipoona kitu nje na hewa bado inaisha, inatoka juu: ama sili za shafti ya wima chini ya pampu ya maji, ama sili ya ule mti wa kubadilishia gia, na hapo mguu ni lazima ushushwe ndipo uone. Skrubu ya juu hukuipima, maana tundu lake ndilo lenye kiunganishi. Geuza, weka kiunganishi chini, urudie.

Umeona basi jinsi neno "sili zote zimekufa" lilivyo pana. Fundi anayekwambia hivyo bila kupima anakuuzia sili zote ili apate ile moja.

Tukubaliane kwamba vipimo ni vizuri, skrubu zinashika. Usijaze oili ya kudumu moja kwa moja, kwa sababu ndani bado kuna chumvi. Jaza oili mpya, washa mashine kwenye pipa lenye maji yanayofika juu ya tundu la kunyonyea, gia ikiwa imeingia, kwa mwendo mdogo kwa dakika kumi hivi, uzime, umwage. Itatoka na weupe. Rudia tena kama weupe ni mwingi. Ni kweli unapoteza oili, na najua bei yake, lakini bei ya gia na beringi za mguu huu unaijua pia. Oili hiyo usiimwage ufukweni. Weka kwenye dumu, mafundi seremala wa majahazi na gereji watakushukuru.

Oili yenyewe iwe ya gia, ile ya haipoidi SAE 90, daraja la GL-4 kama kitabu kinavyosema. Ninasisitiza kwa sababu nakutana na miguu iliyojazwa oili ya injini namba 40, hata ile ya kuchanganyia petroli, kisa ni ile iliyokuwepo chomboni. Meno ya gia hizi yanasuguana kwa kuteleza huku yamebanana kwa nguvu kubwa, na oili ya injini haikutengenezwa kwa mbano huo.

Jaza kutoka chini. Hili halina mjadala. Mashine ikiwa wima kabisa, oili inaingizwa kwa tundu la chini na hewa inafukuzwa kwa la juu. Ukijazia juu, hewa inanaswa katikati, oili inafurika ukadhani umejaa kumbe mguu una nusu. E40X inachukua takriban mililita 430. Ukiona imefurika juu ukiwa umeingiza robo lita tu, kuna hewa ndani. Subiri ipande, endelea polepole. Oili ikitoka juu bila mapovu, funga ya juu kwanza huku bomba la kujazia bado liko chini. Tundu la juu likishazibwa, ukitoa bomba oili inatoka kidogo tu, unapata nafasi ya kupachika ya chini bila haraka.

Kwenye kukaza, wavuvi wengi wana mkono mzito kuliko skrubu. Kwa Yamaha nyingi za ukubwa huu kipimo ni kama Nm 9, yaani kukaza kwa bisibisi pana kwa nguvu ya kiganja na kiwiko, basi. Bisibisi ijaze mfereji wote wa skrubu, nyembamba inakula kingo na siku nyingine haitafunguka. Usiweke spana kwenye shingo ya bisibisi ili uongeze nguvu. Washa iliyosagwa kwa kukazwa mno inapasuka na kuvuja sawa na iliyolegea, na meno ya aluminiamu yakishavuliwa kinachofuata ni kutoboa na kuingiza koili ya meno mapya. Paka grisi ya baharini kidogo kwenye meno, isiguse washa wala kikalio, ili chumvi isiigandishe skrubu. Na ikiwa imeshaganda, tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo kabla ya kufikiria patasi.

Kwa kuwa najua ukishaweza ya kwako utaitwa na wenzako: kwenye mashine nyingine usifungue skrubu yoyote unayoiona pembeni ya mguu. Kwenye baadhi ya Johnson na Evinrude za zamani kuna skrubu ya nyota karibu kabisa na ya kumwagia oili. Hiyo inashikilia kifaa cha kubadilishia gia ndani. Ukiitoa, kifaa kinahama mahali pake, na mguu utafunguliwa upende usipende.

Ikiwa kipimo kimeonyesha sili za propela, toa propela uangalie kabla ya kumlaumu aliyekuuzia. Mara nyingi nyuma yake utakuta mshipi wa nailoni umejisokota, umeyeyuka na kuwa pete ngumu inayong'aa, imejichimbia mpaka kwenye mdomo wa sili. Kwa mtu anayefanya kazi kwenye nyavu kila siku, kutoa propela mara kwa mara kuangalia hapo ni sehemu ya kazi kama kupara chombo. Fundi anapobadilisha sili, kaa naye. Kabla hajang'oa za zamani, piga picha midomo yake inaelekea upande gani, maana ikigeuzwa inapitisha maji ikiwa mpya. Pitisha kucha kwenye shafti pale sili inapokaa: ikikwama kwenye mfereji, sili mpya itavuja mapema isipokuwa ikae pembeni kidogo ya mfereji huo, au shafti ivishwe pete. Na kama kinachovuja ni cha shafti ya wima, badilisha impela wakati huohuo, kwani mguu umeshashushwa na pampu iko juu ya sili hizo.

Ukishafunga, fanya kazi yako kama kawaida kwa saa kumi hivi za kutembea, iache mashine ilale usiku mmoja, kisha legeza skrubu ya chini utazame tone la kwanza. Rangi ikiwa ileile uliyojaza, weka washa nyingine mpya, funga, na usiiguse tena mpaka saa 100 au miezi sita, lolote litakalotangulia. Ikiwa nyeupe tena ilhali washa ni mpya na kikalio ni safi, nirudie kwa picha ya geji ikiwa kwenye psi 10 na nyingine ya dakika kumi baadaye, na uniambie mapovu yalitokea wapi.